Wakhisi na Mchanga wa Gareti

Watu wa reli walikuwa na ngazi yao, na ngazi hiyo ilikuwa ndefu kuliko treni ya mizigo. Juu kabisa aliketi bwana mkubwa wa Nairobi, ambaye watu wa Kisumu walimjua kwa sahihi yake tu. Chini yake walipangana mabwana wa kalamu, mainspekta, madereva, mafayamani, mafundi, wapaka grisi na wafagiaji. Halafu, pale ngazi inapozama matopeni, ndipo alipokuwa Wakhisi, mkausha mchanga.

Usicheke. Kazi hiyo ilikuwako, na ilikuwa na saa zake na ovaroli yake. Nyuma ya shedi ya injini kulikuwa na kibanda cha mabati chenye joto la kuoka mkate. Ndani yake lilitandazwa bamba la chuma. Chini ya bamba moto, juu ya bamba mchanga. Mchanga wenyewe uliletwa kwa behewa kutoka mtoni, umelowa, umejaa vijiti na konokono, na siku moja ulikuja na kandambili ya mguu wa kushoto ambayo mwenyewe hajulikani mpaka leo. Wakhisi aliuchekecha, akautandaza, akaugeuza kwa koleo mpaka ukawa mwepesi wa kutiririka kati ya vidole kama maji. Kisha aliubeba kwa ndoo na kuumimina katika masanduku ya injini. Kule mlimani reli zikilowa na magurudumu yakianza kuteleza, dereva huvuta kishikio, mchanga ukashuka kwa bomba mbele ya gurudumu, na chuma kikapata pa kung'ata. Bila mchanga huo, injini ya tani mia moja na hamsini inageuka mcheza dansi: inazunguka, inatoa jasho, na haiendi popote.

Wakhisi alitoka Misikhu, upande wa Bungoma, akaja Kisumu mwaka wa 1960 akitafuta kazi yoyote isiyokuwa na jembe. Akapewa koleo. Kufikia mwaka wa 1971 alikuwa ameshika koleo hilo miaka kumi na moja, ana mke, binti aitwaye Nasambu, na chumba katika landhi, zile nyumba za reli zilizopangwa mstari mmoja kama mabehewa yaliyosahauliwa. Majirani Waluo walimwita Jakuoyo, mtu wa mchanga. Yeye aliitika kana kwamba ni cheo.

Lakini mwaka huo jina lake lilikuwa limepandishwa. Kwenye ubao wa shedi, katika orodha ya watakaokwenda Nairobi kusomea ufayamani, nambari ya nne iliandikwa: Wakhisi. Alipita mbele ya ubao huo mara sita kwa siku, hata siku ambazo njia yake haikupitia hapo. Fayamani! Mtu anayelisha Gareti moto!

Hapa inabidi kusema kidogo kuhusu Gareti, maana bila hivyo huwezi kujua mtu mzima anawezaje kupenda chuma.

Injini ya kawaida ina boila juu na magurudumu chini, kama punda na mgongo wake. Ukitaka nguvu zaidi unarefusha boila, na boila ikirefuka injini haikunji kona tena. Ukiiweka kwenye reli nyembamba kama zetu, kwenye milima ya mizunguko kama yetu, itakwenda moja kwa moja bondeni kusalimia nyani. Sasa akatokea Mwingereza mmoja, jina lake Gareti, akasema: tuchukue seti mbili za magurudumu, moja mbele, moja nyuma, kila moja na silinda zake, halafu boila tuitundike katikati kama machela. Boila haina magurudumu chini yake, kwa hiyo tumbo la moto linaweza kuwa pana linavyotaka. Kona ikija, mbele inakata, nyuma inafuata, na uzito umegawanywa reli zisilie.

Maelezo hayo Wakhisi aliyapata kwa Ogola, dereva. Ogola alikuwa mtu wa Pap Onditi, mrefu, mkavu, Msabato wa kupindukia ambaye hata soda aliitazama kwa wasiwasi. Asubuhi za baridi alipenda kuingia katika kibanda cha mchanga kuota moto, na kitabu cha picha alichoachiwa na dereva mmoja Mzungu aliyerudi kwao.

"Jakuoyo, wewe unajua Gareti ni nini?" aliuliza siku ya kwanza.

"Ni injini kubwa."

"Kubwa ni tembo. Hii ni bibi wawili na jiko moja. Mbele bibi mkubwa, nyuma bibi mdogo, jiko katikati. Wote wanapika, wote wanavuta, na hakuna kelele."

"Hakuna kelele? Basi hiyo si boma ya kwetu."

"Ndiyo maana ikaitwa maajabu, omera, ndugu yangu."

Kitabu kilionyesha kwamba Gareti za kwanza, mbili tu, ndogo, zilipelekwa Tasmania, kisiwa ambacho hapana mtu wa landhi aliyekuwa na shemeji huko. Baadaye zikaenea: Burma kwenye misitu, Bolivia juu karibu na mawingu, Afrika Kusini, Rodesia. Wamarekani nao walikuwa na majitu yao yaliyokunjika, ya aina nyingine, lakini hayo yalitembea kwenye reli nene kama mapaja. "Hapa," Ogola alisema akigonga picha, "sisi na reli yetu nyembamba, mita moja tu, tumebeba mnyama kama huyu. Nani alitwambia sisi ni wadogo?" Wakhisi akaangalia picha za Bolivia kwa muda mrefu. Halafu akauliza swali ambalo hapana profesa angeliuliza:

"Na huko mchanga anakausha nani?"

Ogola hakujua. Kitabu kizima, kurasa mia mbili, hakikumtaja.

Basi, ikaja mvua ya Aprili. Nabalayo, mke wa Wakhisi, alikuwa mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani. Aliwanunua ufukweni Dunga, akawaanika, akawapakia kwenye treni ya Butere kwenda kwa watu wa bara ambao walikuwa wamechoka na maharagwe. Lakini omena wanataka jua, na mwezi huo jua la Kisumu lilikuwa limekwenda likizo. Gunia la kwanza likaoza, gunia la pili likaanza kutembea lenyewe.

"Baba Nasambu," alisema Nabalayo, "kule kwako kuna joto la bure linapotea kwa mabati."

Wakhisi alifikiri kama mtu wa reli: joto ni mali ya serikali. Kisha akafikiri kama mtu wa landhi: likishapita kwenye paa ni mali ya nani? Akamruhusu. Kila alasiri Nabalayo alitandika magunia juu ya mchanga wenye joto, akamwaga omena, na kabla ya jioni walikuwa wamekauka kukakamaa, wazuri kuliko wa jua. Wanawake wa landhi walikuja kuona. Wakhisi alisimama na koleo lake, amevimba kifua kama mvumbuzi.

Kwamba omena akipata joto hutoa mafuta, hilo alilijua kila mpishi wa Kisumu. Kwamba gunia si ukuta, hilo pia lilijulikana. Ila kichwa kilichojua la kwanza kilikuwa jikoni, na kichwa kilichojua la pili kilikuwa kimevimba. Na harufu je? Kisumu ya masika yote ilinuka hivyo. Ungemlaumu nani?

Wiki ya pili ya Aprili, Ogola alikwama. Juu ya Fort Ternan, kwenye mlima ambao alikuwa ameupanda miaka tisa, Gareti ilianza kuzungusha magurudumu ya mbele. Akavuta kishikio cha mchanga. Ikazidi kuzunguka. Treni ikasimama, na ikabidi irudishwe kinyumenyume hadi stesheni kama mbuzi aliyekataa zizi. Siku nane baadaye ikatokea tena, mahali pale pale.

Akatumwa Inspekta Shitanda kutoka Nakuru, mtu mfupi mwenye mkoba mkubwa. Ndani ya mkoba mlikuwa na fomu, na ndani ya fomu mlikuwa na sababu nne zinazoruhusiwa za treni kukwama: breki, mvuke, reli, dereva. Breki zikapimwa, nzuri. Mvuke mzuri. Reli nzuri. Shitanda hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuondoa tatu katika nne. Habari ikaenea shedi nzima kabla hajafunga kalamu: Ogola alikuwa amelewa. Msabato! Watu walimhurumia hadharani na, akishapita, wakamwigiza kwa kupepesuka. Siku ya Ijumaa angeteremshwa Gareti kabisa, apewe injini ndogo ya kusukuma mabehewa mle mle yadi, mbele na nyuma, mpaka kustaafu.

Jumatano asubuhi Wakhisi alikuwa amebeba ndoo kwenda kwa Gareti hiyo hiyo, akakuta paka watatu wa shedi juu yake. Mmoja alikuwa amekaa juu ya sanduku la mchanga. Wa pili alikuwa chini, analamba bomba. Wa tatu alimtazama Wakhisi machoni, kama mteja anayengoja kuhudumiwa.

Wakhisi akaweka ndoo chini. Akatia mkono ndani ya sanduku, akaminya. Mchanga, sasa umepoa, haukutiririka. Ulibaki kiganjani, umeshikana kama ugali wa jana, na katikati ya ugali huo kulikuwa na jicho moja dogo la omena likimwangalia.

Alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka kumi na moja. Nabalayo alikuwa anafunga magunia.

"Mama Nasambu, ni samaki wako. Ni samaki ndio wametelezesha Gareti."

"Mimi nilitandika gunia!"

"Gunia ni chujio."

Nabalayo akaketi juu ya lile alilokuwa anafunga. Alielewa haraka kuliko inspekta yeyote. "Ukienda kusema, watakufuta kwa ile orodha."

"Najua."

"Na hii nyumba wanaweza kuchukua."

"Najua. Na nisiposema, yule mtu wa Pap Onditi atasukuma mabehewa matupu mpaka afe, na watoto wake wataitwa watoto wa mlevi. Hata soda hanywi, mama."

Nabalayo akainuka, akafungua sanduku la nguo. "Basi vaa ile shati ya kanisa. Mtu hafukuzwi na shati chafu."

Katika ofisi ya shedi Shitanda alikuwa na chai, na Ogola alikuwa amesimama, kofia mkononi. Wakhisi akasema yote kwa pumzi moja, kuanzia mvua ya Aprili mpaka paka wa tatu.

Shitanda akageuza fomu yake mbele na nyuma. "Nitaandika kosa gani?"

"Omena, bwana."

"Omena si kosa. Omena ni mboga." Akamtazama Ogola, akamtazama Wakhisi, akatabasamu kama mtu aliyeshika mwizi. "Mmepanga. Huyu amekuahidi nini?"

"Mimi nimpange?" Ogola alilipuka, na hapo ndipo alipogeukia Wakhisi, maana habari ilikuwa ndiyo kwanza inamfika. "Wewe! Wiki nzima naimbiwa nyimbo za pombe, mchungaji amenitembelea mara mbili, mke wangu ananinusa mdomo kila jioni, na kumbe ni samaki ya bibi yako?"

"Ni mimi, Bwana Ogola. Bibi aliomba. Mimi ndio niliruhusu."

"Na paka wakajua kabla yangu!"

Shitanda akagonga meza. Watu waliopanga uongo pamoja hawapigiani kelele namna ile. Hata yeye aliliona hilo. Akafikiri, akamaliza chai. "Kesho," alisema. "Injini ile ile, uzito ule ule, mlima ule ule. Mchanga safi. Mimi nitakuwa ndani. Ikipita, nitaandika mchanga, hata kama sina nafasi ya kuandika. Ikikwama, Ogola anakwenda yadi, na wewe mtu wa samaki unakwenda kwenu. Na utapanda na sisi. Nataka nikuone uso."

Siku hiyo Wakhisi alifanya kazi kama watu wanne wenye deni la dhambi. Alichota mchanga wote mchafu akautupa. Alisugua bamba kwa majivu. Masanduku ya Gareti, yote, mbele na nyuma, aliyaosha kwa maji ya moto kutoka kwenye boila yenyewe, akayapiga mvuke mpaka paka wakakata tamaa wakahama. Kisha akachekecha mchanga mpya mara mbili, akaukausha, akautia mdomoni kidogo, akatema. Nabalayo alileta chakula. Kilikuwa maharagwe.

Waliondoka asubuhi, mvua ikinyesha ile ya kutoharakisha. Wakhisi alikuwa amejaza masanduku ya Gareti mara elfu, lakini hakuwa amepanda hata moja ikiwa inatembea. Alibanwa pembeni nyuma ya fayamani Amolo, kijana mnene asiyesema kitu, mkono wake juu ya vali ya mafuta yanayolisha moto kama mama anayeshika kichwa cha mtoto mgonjwa. Walipita Kibos, walipita miwa ya Miwani, na kufika Muhoroni Wakhisi alifikiri anajua injini ni nini. Halafu mlima ukaanza.

Hapo ndipo alipoelewa. Mbele yake boila, na mbele ya boila kitu kizima kingine, magurudumu manane yakisukuma. Nyuma yake, nje ya mlango, manane mengine. Kona ilipokuja aliona kwa macho yake sehemu ya mbele ikigeuka peke yake, ikachungulia bonde, kisha boila ikafuata, kisha nyuma ikaja, bila haraka, kama msafara wa mazishi ya mtu tajiri. Milio miwili ya mvuke iliachana, ikakutana, ikaachana tena. Juu ya madaraja alitazama chini akaona vilele vya miti, akaamua kutotazama tena. Injini ilinguruma mpaka meno yakawasha, na katika ngurumo hiyo Ogola alisimama ametulia, kichwa nje kwenye mvua, mkono mmoja kwenye kishikio cha mvuke, mwingine karibu na kile cha mchanga.

"Sasa sikiliza," Ogola alimpigia kelele sikioni. "Maji ni kwa tangi ya mbele. Tukiyatumia, mbele inakuwa nyepesi. Ikiwa nyepesi inateleza. Ndiyo maana mlima unatushika hapo juu, si hapa chini."

Hapo juu pakafika. Shitanda akatoa saa. Wakhisi alilisikia kabla ya kuliona: mlio wa mbele ukakatika ghafla ukawa mwingi, mwepesi, wa wazimu, kama cherehani. Magurudumu yanazunguka bure. Treni ikalegea. Mwendo ukashuka mpaka mtu angeweza kuteremka, akachuma ua, na kupanda tena. Ogola akapunguza mvuke kidogo, akavuta kishikio.

Hapakutokea kitu. Wakhisi alihesabu pumzi: moja. Mbili.

Kisha, chini kabisa, sauti ya kusaga. Mchanga mkavu wa mtoni, uliochekechwa mara mbili, ukaingia kati ya chuma na chuma. Gareti ilishtuka mwili mzima. Mlio wa mbele ukarudi mahali pake, mzito, mmoja mmoja, ukashikana na wa nyuma, na mabehewa yote kule chini yakavutwa kwa pamoja mpaka mgongo wa Shitanda ukagonga ukuta na saa ikamponyoka. Amolo, aliyekuwa hajasema kitu toka Kisumu, alisema, "Eh!"

Wakhisi alilia. Alisema ni moshi, ingawa upepo ulikuwa unapeleka moshi upande mwingine.

Londiani walisimama kuinywesha Gareti maji. Baridi ya huko haina adabu. Watu wa ziwani walijibanza kwenye boila. Shitanda alikuwa ameweka fomu juu ya mkoba, anaandika. Chini ya breki, mvuke, reli na dereva alichora mstari kwa mkono, akaongeza neno la tano. Kisha akamwita Wakhisi pembeni.

"Dereva hana kosa. Nimeandika. Lakini jina lako kwa orodha ya mafayamani nitalifuta. Mtu aliyechanganya mchanga na samaki, nikimpa moto atachanganya na nini?"

"Ndiyo, bwana."

"Na adhabu nyingine ilikuwa ni kukushusha cheo." Shitanda alikuna kichwa. "Nimetafuta. Chini ya mkausha mchanga hakuna kitu kingine. Kwa hiyo rudi kazini. Na hakuna samaki."

"Hakuna samaki, bwana."

Wakhisi akasimama kidogo peke yake. Miaka kumi na moja, nambari ya nne, na sasa hata ubao hautakuwa na sababu ya kupitiwa. Alifuta uso kwa ile shati ya kanisa, iliyokuwa nyeusi tayari. Kisha akapanda juu ya Gareti.

Ogola alipomaliza kuzungumza na stesheni masta alimkuta huko mbele, mkono wote umeingia ndani ya sanduku la mchanga mpaka bega.

"Unatafuta omena?"

"Natafuta mchanga wangu. Tulitoka na sanduku kamili. Imebaki robo."

"Tumepanda mlima, omera!"

"Mlima mmepanda vizuri, hiyo sikatai. Lakini mahali ilishika, wewe uliendelea kuvuta mpaka tukapita kona mbili. Ilishashika! Unamwaga mchanga kama mtu anajenga nyumba. Na mbele bado tupande Mau Summit, na mvua ndiyo hiyo."

Amolo akageuza uso asionekane anacheka. Shitanda akainua kichwa kutoka kwenye fomu, akangoja kuona dereva aliyepanda mlima ule miaka tisa atamjibu nini mtu wa mwisho wa ngazi. Ogola alimtazama Wakhisi, akaitazama ile robo iliyobaki, akavua glavu zake.

"Sawa, Jaduong'," alisema, kwa neno ambalo Waluo humwitia mtu mzima wanayemheshimu. "Njoo usimame karibu na mimi. Ukisikia imeshika, uniambie niachie."